Nilionewa kazini chuo kikuu, daftari likanitetea

SIKU ile ya Machi 2019, kikao cha idara kilipomalizika, wenzangu walikwenda kunywa chai. Mimi nilikwenda chooni, nikafunga mlango kwa komeo na kukaa humo karibu nusu saa nikilia bila sauti, ili wanafunzi waliokuwa wakipita nje wasinisikie.

Nilikuwa na umri wa miaka 36, mke wa mtu na mama wa watoto watatu, mhadhiri msaidizi wa Kiswahili katika chuo kikuu kimoja hapa Uganda. Dakika chache kabla ya hapo, mbele ya walimu 11, mkuu wa idara alikuwa akisoma mgawanyo wa vipindi vya muhula. Alipofika kwenye jina langu alisita, akavua miwani na kusema: "Katika idara hii wapo wanaofundisha na wapo wanaozaa."

Baadhi walicheka. Waliobaki waliinamia makaratasi yao.

Nilikuwa nimerejea mwezi mmoja tu kutoka likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi, ambayo ni haki ya mama mfanyakazi kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006. Likizo hiyo hiyo mkuu wangu alikuwa ameiandika kwenye fomu ya tathmini kuwa ni "kutokuwepo kazini mara kwa mara". Fomu hiyo ndiyo ambayo ingeamua kama mkataba wangu, uliokuwa ukimalizika Desemba mwaka huo, ungehuishwa au la.

Ndugu msomaji, siandiki makala haya ili kumsema mtu, na ndiyo maana simtaji kwa jina wala sikitaji chuo chenyewe. Naandika kwa sababu ilinichukua karibu miaka miwili kujua kwamba msaada ulikuwepo, na kwamba sehemu ya msaada huo ilikuwa umbali wa hatua mia mbili tu kutoka ofisini kwangu.

Ilianza kwa mizaha

Niliajiriwa mwaka 2015. Mimi ni mtu wa Arua, ambako Kiswahili tunakisikia sokoni na kwenye stendi ya mabasi tangu utotoni, hivyo kukifundisha kwangu ilikuwa furaha. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya nchi. Pamoja na hayo, wapo Waganda wengi, na wasomi wakiwamo, ambao hadi leo wanakiita lugha ya askari na wezi, kutokana na machungu ya enzi za utawala wa kijeshi.

Mkuu mpya wa idara alipoingia mwaka 2017, mzaha huo ndio ulikuwa salamu yake kwangu. "Afande, umekuja kutukamata?" Nilikuwa nacheka pamoja na wengine. Mtu mzima akitaniwa na mkubwa wake atafanya nini?

Baada ya muda mzaha ukapata meno. Vipindi vyangu vikahamishiwa saa mbili usiku bila kuulizwa, wakati nina mtoto mchanga nyumbani. Nikaletewa karatasi 240 za mitihani nizisahihishe kwa siku tatu, huku mwenzangu akipewa 60 kwa wiki mbili. Ufunguo wa ofisi ukachukuliwa "kwa matengenezo" na haukurudi, nikawa nasahihisha kazi za wanafunzi chini ya mwembe. Nikitoa hoja kwenye kikao, alikuwa akitazama saa yake hadi nimalize, kisha anasema, "Tuendelee."

Ukilitazama jambo moja moja, hakuna la kupeleka mahali popote. Ukimweleza mtu kwamba bosi wako ametazama saa wakati unaongea, atakuona una kasoro.

Aidha, chuo kikuu kina ugumu wake. Karani wa duka akionewa anaweza kuhamia duka la pili. Mwalimu wa chuo kikuu anamhitaji mkuu wake amwandikie barua ya kupandishwa cheo, amwidhinishie likizo ya masomo, apitishe jina lake kwenye utafiti wenye fedha, na siku akitaka kuhama, ampe barua ya sifa. Anayekuonea ndiye anayeshika kalamu, na wenzako wanaoona yote wanaihitaji kalamu hiyo hiyo.

Niliyemwambia avumilie

Kuna jambo ambalo ni zito kwangu kulisema, lakini bila hilo habari hii haitakuwa ya kweli.

Katikati ya mwaka 2018, nikiwa na mimba changa, katibu muhtasi wa idara, binti wa miaka 24 hivi, alinifuata jioni moja. Alinieleza kwamba mkuu humtaka abaki ofisini baada ya saa za kazi, humfungia mlango na humgusa mabega na mgongo akidai anatazama anachochapa kwenye kompyuta. Alikuwa akitetemeka. Aliniuliza, "Dada, nifanyeje?"

Nilimjibu kama nilivyojibiwa mimi nilipokuwa na umri wake. Nilimwambia avumilie, kazi ni ngumu kupatikana, na avae gauni refu zaidi.

Miezi miwili baadaye aliacha kazi bila kuaga. Mahali pake akaletwa mwingine na hakuna aliyeuliza.

Mwaka huo huo wa 2018 ndio Chuo Kikuu cha Makerere kiliunda kamati iliyoongozwa na Profesa Sylvia Tamale, mwanamke wa kwanza kuwa mkuu wa kitivo cha sheria chuoni hapo, kuchunguza bughudha za kingono. Kamati hiyo ilipokea malalamiko ya wanafunzi na ya wafanyakazi pia, na ripoti yake ikatolewa Juni mwaka huo. Tuliisoma magazetini, tukaijadili kwenye chumba cha walimu kama habari za watu wa mbali, hali binti mwenye habari ile ile alikuwa akitupikia chai.

"Usiandike hasira, andika saa"

Turudi kwenye siku ile ya Machi. Nilipotoka chooni, macho mekundu, nilikutana mlangoni na mama mmoja wa maktaba, mtu wa Tororo aliyekuwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Hakuniuliza kitu. Alinishika mkono hadi chumba cha nyuma ya rafu, akanipa chai ya maziwa, akasubiri.

Nilimwaga yote. Nilipomaliza, alifungua droo akatoa daftari jipya la kurasa 96, la aina wanayotumia watoto wa shule.

"Mwanangu," alisema, "kuanzia leo andika. Usiandike hasira, andika saa. Tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe aliyosema, na nani alikuwepo. Ukimaliza, daftari lilale kwako, lisilale ofisini."

Nilimuuliza kama yeye aliwahi kuonewa. Alicheka kidogo. "Mimi nilinyamaza miaka tisa," akasema. "Ndiyo maana nina madaftari ya kugawa."

Nilianza kuandika usiku ule. Mfano ni huu: "Jumanne, Aprili 9, saa nne na robo asubuhi, korido ya juu. Ameniita 'mama maziwa' mbele ya wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu na Mwalimu wa Isimu." Hakuna zaidi. Mwanzoni nilijiona mjinga, mtu mwenye shahada mbili anayeandika umbea wake. Baada ya wiki sita nilisoma kuanzia ukurasa wa kwanza na nikaona nilichokuwa sikioni: matukio yaliongezeka kila nilipokaribia kudai haki fulani. Nikiomba ufunguo, wiki hiyo natukanwa. Nikiuliza kuhusu fomu ya tathmini, vipindi vinahamishwa.

Baadaye nilikuja kusoma juu ya Heinz Leymann, mwanasaikolojia aliyefanya kazi nchini Sweden na ambaye katika miaka ya 1980 alichunguza uonevu wa makazini. Kipimo alichotumia ni tendo la uonevu linalotokea walau mara moja kwa wiki, kwa muda usiopungua miezi sita. Yaani alitazama marudio. Daftari la shule ndilo linaloonyesha marudio. Kichwa chenye machungu hukumbuka siku mbaya kuliko zote na kusahau nyingine.

Milango mitatu

Mama wa maktaba ndiye aliyenipeleka kwa mwakilishi wa chama cha wahadhiri. Nilikuwa nakatwa mchango wa chama hicho kila mwezi tangu 2015 na sikuwahi kukanyaga ofisi yake. Nilidhani kazi yao ni migomo ya mishahara tu.

Mzee huyo alisoma daftari lote nikiwa nimekaa. Kisha akaniambia kosa la watu wengi ni kwamba hubeba machungu yote katika barua moja ndefu na kuipeleka mlango usiofaa. Alichukua kalamu nyekundu na kuweka alama tatu tofauti pembeni mwa matukio yangu.

Alama ya kwanza ilikuwa ya bughudha za kingono: kuguswa, maneno ya mwili, kuahidiwa au kutishiwa kazi kwa ajili ya ngono. Hapa sheria ya Uganda iko wazi kuliko mahali pengine. Sheria ya Ajira ya 2006 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 kuchukua hatua za kuzuia vitendo hivyo, na kanuni za mwaka 2012 zinamtaka awe na sera iliyoandikwa, na mtu maalumu wa kupokea malalamiko. Chuo kikuu chochote kina wafanyakazi zaidi ya 25. Kwa hiyo, swali la kwanza kwa idara ya utumishi ni jepesi: sera iko wapi, na mhusika ni nani?

Alama ya pili ilikuwa ya ubaguzi. Sheria hiyo hiyo inakataza kumbagua mfanyakazi kwa rangi, jinsia, dini, siasa, asili yake, ulemavu au kuwa na virusi vya Ukimwi. Neno la "wanaozaa", fomu iliyogeuza likizo ya uzazi kuwa utoro na mizaha ya "Afande" iliyolenga nilikotoka, vyote viliangukia hapa. Nje ya chuo, mwenye malalamiko ya namna hii anaweza kwenda Tume ya Fursa Sawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na ambayo ina uwezo wa kusikiliza mashauri.

Alama ya tatu ndiyo iliyojaza kurasa nyingi: uonevu wa kawaida. Ufunguo, karatasi 240, vipindi vya usiku, kutazama saa. Hapa mzee aliniambia ukweli kwamba sheria ya 2006 haikuutaja uonevu wa aina hii waziwazi kama ilivyotaja bughudha ya kingono, hivyo silaha kubwa ni mwongozo wa utumishi wa chuo chenyewe na nguvu ya chama. Kwa vyuo vya umma, sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2001 imeweka pia baraza la rufaa la wafanyakazi, kwa asiyeridhika na uamuzi wa bodi ya ajira.

"Na yote yakishindikana," alisema, "yupo afisa wa kazi wa wilaya, na baada yake Mahakama ya Viwanda inayoamua migogoro ya kazi. Lakini ukifukuzwa usikae nyumbani ukilia. Malalamiko ya kuachishwa kazi kwa uonevu yana muda wake, ni miezi mitatu."

Kabla sijaondoka aliuliza alama ya kwanza mbona haina tukio hata moja. Nilimweleza habari za katibu muhtasi. Alinyamaza. "Hilo si lako kulisimulia kama hajakuruhusu," akasema. "Mtafute umuulize."

Simu niliyoiogopa

Nilimpata kwa simu mwezi Julai. Alikuwa anauza vocha na kutoa huduma za fedha kwa simu kwenye kibanda huko Mbale. Nilimweleza ninachotaka kufanya na nikamuuliza kama angekubali kuandika maelezo yake.

Alichukua muda kujibu. "Dada, siku ile nilikuja kwako," alisema. "Wewe ulikuwa mtu wangu wa mwisho. Sasa nina mchumba, watu wa hapa hawajui lolote. Niache."

Nilimwomba radhi. Aliipokea, au alisema ameipokea, akakata simu.

Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilitoa Desemba 2022 matokeo ya utafiti uliohusisha karibu watu 75,000 katika nchi 121. Zaidi ya mtu mmoja kati ya watano walio kazini walisema wamewahi kupatwa na ukatili au unyanyasaji kazini, na ni karibu nusu yao tu waliowahi kumwambia mtu yeyote. Waliosema, wengi walimwambia rafiki au ndugu kwanza kabla ya ofisi yoyote. Nilipozisoma takwimu hizo nilimkumbuka yule binti. Alikuwa katika nusu iliyosema. Alimwambia mtu, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Mbele ya kamati

Septemba 2019 niliwasilisha barua ya kurasa mbili kwa idara ya utumishi, nakala kwa mkuu wa kitivo na kwa chama. Niliambatanisha jedwali la matukio 31 ya miezi sita. Nilihakikisha nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa, kwani mzee wa chama alinionya kuwa barua isiyo na muhuri hupotea njiani.

Wiki tano zilipita kimya. Oktoba mwaka huo BBC ilirusha filamu ya uchunguzi iliyowaonyesha wahadhiri wa vyuo vikuu vya Lagos na Ghana wakiwataka wasichana kimapenzi. Chumba chetu cha walimu kilijaa mjadala, kila mmoja akilaani. Mkuu wangu naye alilaani. Mimi nilikunywa chai yangu.

Kwa msukumo wa chama, kamati ya watu wanne iliketi Novemba. Nilikuwa nimejiandaa kueleza uchungu wangu, lakini mwenyekiti alitaka tarehe. Mkuu wa idara alisema mimi ni mtu wa hisia na kwamba hakumbuki lolote kati ya hayo. Kila alipokataa, mwenyekiti alifungua jedwali na kusoma saa, mahali na majina ya waliokuwepo. Walimu wawili walioitwa walithibitisha maneno ya Machi. Mmoja wao ni kati ya wale waliocheka. Mwingine alisema hakusikia vizuri matukio mengine, na simlaumu. Naye ana watoto.

Uamuzi ulitoka Januari 2020, mkataba wangu ukiwa umeshamalizika na mimi nikiwa nyumbani bila mshahara. Kamati iliona kwamba uonevu ulithibitika na kwamba likizo ya uzazi haikupaswa kuingizwa katika tathmini. Mkuu alipewa onyo la maandishi na kuondolewa katika suala la mkataba wangu. Nilihuishiwa mkataba mwezi Machi, siku chache kabla vyuo havijafungwa kwa ajili ya Uviko-19. Miezi miwili ya bila mshahara haikulipwa, na ada ya mwanangu wa kidato cha kwanza niliikopa kwa kaka yangu.

Nisiwadanganye kwamba nilishinda vita. Bwana yule aliendelea na ukuu wake hadi muda wake ulipokwisha. Wapo waliobadilisha njia wakiniona kwenye korido. Suala la katibu muhtasi halikufika popote, kwani hakukuwa na mlalamikaji. Nilichopata ni kazi yangu, ofisi yenye ufunguo katika jengo lingine, na usingizi.

Wewe uliye kwenye hali hiyo

Kwa yule anayesoma makala haya akiwa amejifungia mahali, nina machache ya kumwambia.

Kwanza, tafuta mtu mmoja, hata asiwe na cheo. Mama wa maktaba hakuwa na mamlaka yoyote, lakini bila yeye nisingemjua mzee wa chama.

Pili, andika, na daftari likae nyumbani. Barua pepe na ujumbe wa simu visifutwe hata vikikuudhi.

Tatu, omba mwongozo wa utumishi na sera ya chuo kabla hujalalamika, ujue tukio lako linaingia mlango upi.

Nne, ukiwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, kitumie. Kama si mwanachama, jiunge kabla mvua haijanyesha.

Tano, nenda kwa daktari au mshauri nasaha ukiona usingizi umekata na chakula hakipiti. Mimi nilichelewa, nikapungua kilo tisa.

Mambo yanabadilika, ingawa polepole. Mwaka 2019 ILO ilipitisha Mkataba namba 190 dhidi ya ukatili na unyanyasaji kazini, ambao unagusa aina zote, pamoja na ule uonevu wa alama ya tatu. Uganda iliuridhia Agosti 2023. Kinachohitajika ni vyuo vyetu kuuingiza katika miongozo yao, na wafanyakazi kuijua miongozo hiyo.

Na kwa yule atakayegongewa mlango jioni na kijana anayetetemeka: usimwambie avumilie. Mpe kiti, msikilize, muulize anataka nini, na mtaje mtu unayemjua anayeweza kusaidia.

Mama wa maktaba alistaafu mwaka 2021. Siku ya kumuaga aliniita chumba cha nyuma ya rafu, akafungua droo ile na kunikabidhi madaftari yaliyobaki. Yalikuwa saba. Hadi naandika makala haya, yamebaki mawili.